Mdogo wa mpangaji mwenzangu amehamia sebuleni: nina haki gani?

*"Wakili, shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 27, nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Mwanza. Tangu Januari nimepanga na mwenzangu nyumba ya vyumba viwili na sebule huku Mkolani, kodi shilingi 150,000 kwa mwezi. Tunalipa miezi sita sita, kila mmoja nusu, na Julai hii tumelipa tena. Mkataba una majina yetu wote wawili na tumesaini wote. Unasema nyumba ni ya makazi ya wapangaji wawili, na haturuhusiwi kupangisha mtu mwingine bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba.*

*Mwezi wa nne mwenzangu alimleta mdogo wake wa kiume anayevua dagaa Ukerewe. Aliniambia ni mapumziko ya mbalamwezi tu, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza, na giza likiingia atarudi ziwani. Giza la tatu hili linapita. Analala kwenye kochi, na magunia yake ya dagaa ameyapanga nyuma ya mlango wa sebule akisubiri bei ya soko la Mwaloni ipande. Umeme wa shilingi 10,000 uliokuwa unatufikisha wiki tatu sasa unaisha kwa siku kumi na mbili. Tulikuwa tumekubaliana kwa mdomo kwamba mgeni asizidi wiki moja. Nikimkumbusha ananijibu: 'Sijampangisha, ni damu yangu, wala halipi kodi.'*

*Mwenye nyumba anaishi Magu. Amesikia kwa majirani, akapiga simu akasema siku akija akamkuta atatutoa wote, na kodi iliyobaki hairudi. Jirani mmoja ananishauri nibadilishe kitasa kijana akiwa Mwaloni. Mwingine anasema mtu akishakaa miezi mitatu ana haki ya makazi na hatoki tena. Sina ugomvi na kijana, ana heshima zake. Ila nyumba nililipia ya watu wawili. Nifanye nini?"*

Marahaba, dada. Katika yote uliyoandika, nililolipenda zaidi ni kwamba huna ugomvi na kijana mwenyewe. Shikilia hapo hapo, kwa sababu hata kisheria mgogoro wako si naye. Hana mkataba na wewe wala na mwenye nyumba. Yumo ndani kwa ruhusa ya dada yake tu, na ruhusa hiyo ikiondolewa hana tena pa kusimamia. Watu wenye sauti katika jambo hili ni wawili: mwenzako aliyemfungulia mlango, na mwenye nyumba ambaye ndiye mwenye kusema nyumba yake ikaliwe na watu wangapi. Hatua zote nitakazokushauri zinapita kwa mmoja wa hao.

Nikisoma barua yako naona wasiwasi wa aina mbili uliochanganyika, na ni vema tuutenganishe. Upo usumbufu wa kila siku: sebule imegeuka chumba cha mtu, harufu ya dagaa imeingia mpaka kwenye mapazia, na umeme unakwisha kabla ya wakati. Upo pia woga kwamba utafukuzwa na kupoteza shilingi 450,000 zako za nusu mwaka kwa kosa ambalo hukulifanya. Usumbufu unachosha zaidi, lakini huo woga wa pili ndio wenye haraka, na nitaonyesha kwa nini.

Kabla ya hapo, naomba tuuweke kando ushauri wa majirani, kwa kuwa mmoja wao anaweza kukufikisha polisi ukiwa mshitakiwa. Kitasa usikiguse. Mwenzako amesaini mkataba kama wewe, na ana haki ya kuingia katika nyumba yote kama ulivyo wewe, isipokuwa chumba mlichokubaliana ni chako. Ukibadilisha kitasa cha mlango wa mbele hujamfungia mgeni peke yake, umemfungia mpangaji halali. Na ukisema utampa yeye ufunguo mpya, kijana ataingia na dada yake jioni ile ile, na utakuwa umepoteza gharama ya fundi bure. Kuyatoa magunia nje ni hatari zaidi. Niliwahi kusimama upande wa mpangaji mmoja aliyetoa vyombo vya mgeni wa mwenzake uani asubuhi, mvua ya masika ikanyesha mchana, na tulipofika mbele ya usuluhishi mazungumzo hayakuwa tena juu ya mgeni bali juu ya godoro, redio na nani alipe. Haki aliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa imezama kwenye maji ya mvua.

Jirani wa miezi mitatu naye amekosea, ingawa kosa lake lina chembe ya ukweli ambayo nitairudia. Hakuna sheria Tanzania inayompa mgeni haki ya kubaki kwa sababu tu amehesabu siku tisini kwenye kochi la mtu. Muda unaotajwa katika Sheria ya Ukomo kwa madai ya kurudishiwa ardhi ni miaka 12, na hata huo haumsaidii mtu anayekaa mahali kwa ruhusa, kwa kuwa anayekaa kwa ruhusa hajampinga mwenye mali. Kwa upande wa pili, sheria haina siku inayomgeuza mgeni kuwa mvamizi. Wahenga waliweka siku ya tatu ya kumpa mgeni jembe, bunge halikuweka. Siku za mgeni mnaziweka ninyi wenyewe katika makubaliano yenu, au anaziweka mwenye nyumba katika mkataba wake.

Hapo ndipo ilipo chembe ya ukweli. Kinachoweza kumpa mgeni nguvu ni fedha. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua upangaji wa muda mfupi, yaani wa mwaka mmoja au pungufu, hata ukiwa wa mdomo, na inatambua upangaji wa vipindi unaojengwa na mtu kukalia mahali na kulipa kodi inayopokelewa. Sasa chukulia kwamba Januari ijayo, kodi ikifika tena, mwenzako amepungukiwa, mdogo wake ameuza magunia vizuri, naye akamtumia mwenye nyumba kodi moja kwa moja kwa simu, na mwenye nyumba akaipokea huku akijua ni ya nani. Kijana atakuwa na ujumbe wenye jina lake, kiasi na tarehe, na siku mtakapomwambia aondoke atauonyesha na kudai kwamba ametambuliwa kuwa mpangaji. Huenda akashindwa, lakini jambo lililokuwa la maneno matatu litakuwa limegeuka shauri. Kwa hiyo wakati mnazungumza, hakikisha kodi yote inayokwenda Magu inatumwa na wewe au na mwenzako tu. Usipokee hata senti ya kijana kwa jina la kodi. Mchango wa umeme na maji ni jambo jingine, na unaweza kuupokea ukiuita kwa jina lake.

Sasa tuuangalie mkataba wenu. Watu wawili wakisaini mkataba mmoja wa nyumba moja, wengi huamini kwamba kila mmoja ana mkataba wake wa nusu nyumba. Sivyo. Isipokuwa mkataba useme vinginevyo, mmetoa ahadi ya pamoja, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyepewa ahadi ya pamoja kumdai yeyote kati ya walioahidi atekeleze ahadi yote. Mwenye nyumba akikosa nusu ya mwenzako anaweza kukudai wewe nusu hiyo pia, mpaka zitimie shilingi 900,000 zote za miezi sita, kisha ni juu yako kumdai mwenzako mchango wake. Vivyo hivyo mwenzako akivunja sharti, mkataba uliovunjwa ni wa nyinyi wawili, na notisi itaandikwa kwa majina yenu wote. Ndiyo maana nimesema woga wako wa pili ndio wenye haraka: ukinyamaza kwa heshima ya ujirani, siku ya notisi hutakuwa na karatasi inayoonyesha kwamba ulipinga.

Je, mwenzako amevunja mkataba kweli? Hapa naomba tuwe waadilifu, hata kama jibu halitakufurahisha. Anaposema "sijampangisha", ana hoja. Kupangisha mtu mwingine ni kumkabidhi eneo alikalie kama lake, aweze kuwazuia wengine, na kwa kawaida alipie. Kijana analala kwenye kochi la sebule ambayo wewe unapita kila asubuhi kwenda kazini. Hana mlango wake, hana ufunguo wa kumzuia mtu, halipi chochote. Sheria ya Ardhi yenyewe inaweka ndani ya kila upangaji wajibu wa mpangaji kutompa mtu mwingine nyumba bila kibali cha maandishi cha mwenye nyumba, lakini wajibu huo nao unalenga kukabidhi nyumba, haulengi kumlaza ndugu. Mwenye nyumba akija na kifungu hicho peke yake, mtu anayejua kazi yake atakibishia, na anaweza kushinda.

Nguvu ya mkataba wenu iko katika maneno mengine mawili ambayo huenda uliyapita haraka ulipokuwa unaniandikia: "makazi" na "wawili". Nyumba ni ya makazi ya wapangaji wawili. Mgeni wa wiki mbili habadilishi idadi ya wakazi. Mtu wa miezi mitatu ambaye nguo zake zimeanikwa kwenye kamba, na ambaye barua zake za kazi mjumbe anazileta hapo, amekuwa mkazi wa tatu, awe ndugu asiwe ndugu. Na magunia, dada yangu, ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko yote. Sebule inayohifadhi mzigo unaosubiri bei ni ghala. Hapo hakuna ubishi wa damu wala undugu; ni matumizi ya biashara ndani ya nyumba iliyopangishwa kwa makazi, na yanaonekana, yananuka, yanapigika picha. Watu wengi wanaokuja ofisini kwangu na jambo kama lako huanza na mtu, wakati hoja yao bora imo katika kitu alichokuja nacho.

Hilo pia ndilo linalokupa mahali pa kuanzia ambapo mwenzako anaweza kukubali bila kujisikia amemfukuza ndugu yake. Kumwambia mtu "mdogo wako aondoke" ni kumwambia achague kati yako na mama yake aliye kijijini, atakayepiga simu usiku kuuliza mtoto analala wapi. Kumwambia "magunia yaende stoo Kirumba" ni jambo la mizigo. Mwaloni pale Kirumba ndiko biashara yenyewe ya dagaa iliko, na mzigo ukihamia huko ni vigumu kwa mwenye mzigo kuendelea kulala Mkolani, kilomita nyingi kutoka kwenye mali yake. Siahidi kwamba atahama siku hiyo hiyo, ila nimeona mambo yakienda hivyo.

Zungumza naye kwanza kwa mdomo, mkiwa wawili, kijana asiwepo. Halafu siku hiyo hiyo mwandikie ujumbe. Usichukulie kwamba ujumbe wa simu ni mzaha: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na ujumbe wenye tarehe ambao mwenzako ameusoma na kuujibu ni bora kuliko mashahidi watatu wanaokumbuka mambo tofauti. Mimi ningeandika hivi:

*"Dada yangu, tulipopanga Januari tulikubaliana mgeni asizidi wiki moja, na mkataba wetu unasema nyumba ni ya makazi ya watu wawili. Mdogo wako sasa ana miezi mitatu na magunia yapo sebuleni. Mwenye nyumba amepiga simu na kusema atatutoa sote. Naomba magunia yatoke ndani ya siku saba. Mpaka mwisho wa mwezi tuwe tumeamua ama kijana anahama, ama tunamwomba mwenye nyumba ruhusa ya maandishi akae. Kuanzia leo umeme na maji tugawane kwa watu watatu. Nimeandika ili tusije tukasahauliana."*

Angalia kwamba ujumbe huo unayataja makubaliano yenu ya wiki moja. Makubaliano ya mdomo ni halali, tatizo lake ni uthibitisho tu. Na mwenzako akijibu "najua tulisema wiki, lakini vumilia kidogo", amekuthibitishia mwenyewe. Hata asipojibu lolote, umeshaweka tarehe.

Kuhusu gharama, kanuni ninayowapa watu wanaoshirikiana nyumba ni kwamba kodi hufuata vyumba, maji na umeme hufuata vichwa. Kodi yako ibaki nusu, kwa kuwa bado una chumba chako na mkataba wako. Lakini LUKU ya umeme na bili ya maji ya MWAUWASA zigawanywe kwa tatu: wewe fungu moja, mwenzako mafungu mawili, lake na la mgeni wake. Kwa umeme wa shilingi 10,000 wewe utatoa kama 3,300 na yeye 6,700. Usijilipe mwenyewe kwa kupunguza kodi inayokwenda kwa mwenye nyumba, hata kama unaona una haki ya kufidiwa sebule yako. Yeye si aliyeleta mgeni, na ukipunguza kodi utamkabidhi sababu ya kukutoa ambayo hakuwa nayo.

Tuje kwa mwenye nyumba. Kauli yake ya simu ina sehemu ya haki na sehemu ya vitisho. Ana haki ya kudai masharti ya mkataba yafuatwe, na yakivunjwa anaweza kuusitisha. Lakini Sheria ya Ardhi inamtaka kwanza atoe notisi inayoeleza kosa ni lipi, na pale ambapo kosa linarekebishika awape muda wa kulirekebisha. Na mpangaji anayekabiliwa na kusitishiwa mkataba anaweza kuliomba baraza la ardhi limnusuru, nalo huangalia kama kosa limesharekebishwa na kila upande umejiendesha vipi. Mgeni anaweza kuondoka na magunia yanaweza kubebwa, kwa hiyo kosa la aina hii linarekebishika. Kufika na vijana wawili, kuvunja mlango na kutupa vitanda nje si njia. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zinalitaja kosa la kuingia katika ardhi kwa nguvu ili kuitwaa, na hazimwachi mtu huru kwa sababu tu alikuwa na haki ya kuingia. Sheria hiyo inamkinga mpangaji, na ndiyo hiyo hiyo iliyonifanya nikukataze kugusa kitasa.

Kodi iliyobaki ni swali gumu kidogo. Mkataba ukisema kodi ya mbele hairudi mpangaji akivunja masharti, na ukasitishwa kwa utaratibu, utapata shida kuidai. Usiposema hivyo, una hoja nzuri ya kudai miezi ambayo hamtakaa. Na akiwatoa bila utaratibu, ni yeye atakayekuwa na deni la kuwafidia. Soma mkataba wako upya usiku wa leo ukitafuta sentensi hiyo tu.

Wazee wa mtaa wanaweza kukuambia kwamba zamani mpangaji alikuwa hatoki kirahisi. Wanakumbuka Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984 na baraza lake. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo uzito mkubwa umehamia kwenye kile mlichoandika na kusaini. Ndiyo maana nakurudisha kwenye karatasi yako kila mara.

Mwandikie mwenye nyumba wewe mwenyewe, kabla hajaja. Najua utaona kama unamsemea mwenzako vibaya, na watu wa kwetu hatupendi hilo. Lakini amekwisha kusikia kwa majirani. Unachofanya ni kumpa habari iliyo sahihi badala ya ile iliyoongezwa chumvi. Mweleze kwamba kijana alikuja kama mgeni, kwamba wewe hukuridhia akae wala mzigo kuwekwa, kwamba umempa mwenzako siku saba, na kwamba kodi yako umelipa mpaka Desemba. Usimwombe amfukuze mtu. Mwombe jambo moja tu: kama ana malalamiko, ayaandike na kukupa wewe pia nakala. Mwenye nyumba anayejua kwamba mmoja wa wapangaji wake yuko upande wa mkataba hana haraka ya kuwatoa wote wawili, kwa sababu anajua gharama ya kutafuta mpangaji mwingine na mkono wa dalali.

Ikiwa mwenzako atakubali magunia yatoke lakini akaomba kijana abaki, fikiri kabla ya kukataa. Kukubali si udhaifu. Mwenye nyumba akiandika ruhusa, hata kwa miezi mitatu tu, na mkaandikiana kwamba kijana anahamia chumbani kwa dada yake au anachangia fungu lake la gharama, kosa la mkataba linakuwa limekwisha na kodi yako imesalimika. Ila kulala chumba kimoja na dada yake ni jambo ambalo yeye mwenyewe huenda akalikataa kwa aibu, na hapo atapata sababu yake mwenyewe ya kutafuta chumba. Ikiwa wewe hutaki kuishi na mwanaume asiye ndugu yako chini ya paa moja, hiyo ni sababu inayotosha, na huna haja ya kuipamba kwa hoja ya LUKU. Iseme tu.

Njia nyingine ni wewe kuondoka, na hapa watu hujiumiza. Kufunga virago hakukutoi kwenye mkataba. Mpaka mwenye nyumba akubali kwa maandishi kwamba umeachiliwa, wewe bado ni mdaiwa wa nyumba hiyo hadi mwisho wa muda, pamoja na kioo kitakachovunjwa na watu usiowajua. Kama unaamua kuhama, tafuteni mtu wa kuchukua nafasi yako, mwenye nyumba amkubali, mwenye kuingia akurudishie wewe fedha za miezi iliyobaki, na karatasi isainiwe na wote wanne siku ile ile unayokabidhi ufunguo.

Wasomaji wengine wataangalia mikataba yao na kukuta haifanani na wako, kwa hiyo niseme kwa kifupi. Kama jina kwenye mkataba ni lako peke yako, mwenzako yumo kwa ruhusa yako na una uwezo mkubwa zaidi, ikiwamo wa kumwondoa mwenzako mwenyewe kwa taarifa ya muda unaostahili. Kama jina ni la mwenzako peke yake, basi kwa mwenye nyumba wewe na yule mgeni hamtofautiani sana, na jambo la kwanza si kumwondoa yeye bali ni kupata jina lako kwenye karatasi.

Mazungumzo yakishindikana, anza na mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Hawana mamlaka ya kumwamuru mtu ahame, ila wana macho ya mtaa, na kijana anayefanya kazi Mwaloni hapendi jina lake litajwe kwenye ofisi ya mtaa. Mgogoro wa upangaji wenyewe ukiendelea unapita Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu bali linasuluhisha. Likishindwa linathibitisha hivyo, na likikaa siku 30 bila kumaliza, unaweza kusonga mbele kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Deni tupu kati yako na mwenzako, kwa mfano umemlipia umeme wa miezi mitatu, ni shauri la madai la Mahakama ya Mwanzo. Sitakudanganya kwamba mojawapo ya njia hizo inafaa kwa kochi moja na magunia manne. Nauli na siku za kazi utakazopoteza zitazidi kile unachodai. Zinafaa pale ambapo mwenye nyumba amefunga mlango, au kodi ya miezi mitano imeshikiliwa.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri usuluhishi. Umesema kijana ana heshima, nami nakuamini. Lakini ikitokea yeye, au rafiki atakayemleta, akakutishia, akasimama mlangoni pako usiku au akakugusa, acha habari ya mkataba kabisa. Nenda usiku huo huo kwa ndugu au rafiki, kisha kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mambo ya kodi tutayashughulikia baadaye.

Ukipokea notisi yoyote ya maandishi, usiijibu peke yako. Tafuta wakili, au kama fedha hazitoshi, msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na ofisi ya kata inaweza kukuelekeza walipo. Nenda na mkataba wenyewe badala ya picha yake, risiti au ujumbe wa malipo ya Januari na Julai, picha za magunia zenye tarehe, na ile simu yenye majibu ya mwenzako. Angalia pia kama mkataba una stempu. Mikataba mingi ya Mkolani na Buhongwa ninayoiona haina, na mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe pamoja na adhabu ya kuchelewa. Ni kiasi kidogo, na ni afadhali ukilipe mapema kuliko siku ambayo upande wa pili ndio watakaosimama kukuulizia stempu iko wapi.